Kumtafuta Babu wa Kiayalandi Ukiwa Dar es Salaam: Anza na Kitongoji, Jina Lifuate

Wapo watu Dar es Salaam ambao babu yao au baba wa babu alikuja Tanganyika kutoka Ayalandi enzi za Mwingereza, na kilichobaki nyumbani ni jina la ukoo, picha moja iliyofifia na maneno ya wazee kwamba kwao kulikuwa na baridi. Mwenye urithi wa aina hiyo huingia intaneti, akaandika Ryan au Murphy, akaletewa maelfu ya watu asijue amshike yupi. Kumtafuta Ryan wa kaunti ya Tipperary ni sawa na kusimama Kariakoo ukaulizia Juma. Katika kumbukumbu za Ayalandi, kinachomtenga mtu na wajina wake ni mahali: kaunti, kisha parokia, kisha kitongoji (kwa Kiingereza townland), ambacho ndicho kipande kidogo kabisa cha ardhi chenye jina rasmi, na vipo zaidi ya 60,000 kisiwani kote.

Mahali hapo huenda pameandikwa hapa hapa mjini. Kama babu alifunga ndoa katika kanisa Katoliki, nenda ofisi ya parokia hiyo, iwe Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu au nyingine, ukaombe rejista ya ndoa iangaliwe. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa hudaiwa cheti cha ubatizo, na kwa sababu hiyo parokia alikobatizwa mara nyingi hutajwa katika karatasi za ndoa. Nenda na kitambulisho na mwaka wa kukadiria, kwa maana katibu wa parokia hawezi kukupekulia vitabu vya miaka 40. Cheti cha kifo au cha ndoa ya kiserikali huombwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Zipo pia orodha za abiria waliopanda meli katika bandari za Uingereza kwenda nchi za mbali kati ya 1890 na 1960, zilizohifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza huko Kew. Humo unaweza kumkuta babu akiwa safarini, pamoja na umri na kazi yake.

Ukishapata walau kaunti na mwaka wa kuzaliwa, ingia upande wa serikali. Ayalandi ilianza kusajili ndoa zisizo za Kikatoliki mwaka 1845, na tangu 1 Januari 1864 vizazi, vifo na ndoa zote. Tovuti ya IrishGenealogy.ie huonyesha bure picha za kurasa zenyewe, kwa kawaida vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa miaka 75 na vifo miaka 50. Usitosheke na faharasa, fungua picha. Cheti cha kuzaliwa hutaja makazi ya baba, kazi yake na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, na hilo la mama ndilo la thamani kuliko yote, kwa sababu John Ryan wako wengi, ila John Ryan aliyemwoa Bridget Dwyer ni wachache. Cheti cha ndoa hutaja baba wa pande zote mbili. Cha kifo cha zamani hakitaji wazazi, kwa hiyo usikitegemee sana.

Kabla ya 1864 ubatizo na ndoa za Wakatoliki hupatikana kanisani tu. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliweka rejista za parokia za Kikatoliki kwenye mtandao mwaka 2015, bila malipo, nyingi zikiishia karibu na 1880. Vitabu vingi vimeandikwa kwa Kilatini. Mstari kama "Jacobum, f. l. Joannis Ryan et Brigidae Dwyer" unasema kwamba amebatizwa James, mtoto wa ndoa wa John Ryan na Bridget Dwyer, yanayofuata baada ya "Sp." ni majina ya wasimamizi wa ubatizo. Wasimamizi hao wanakiliwe pia, maana mara nyingi ni shangazi na wajomba. Ndoa itafute kwanza katika parokia ya bibi harusi, kwa kuwa kwa kawaida ilifungwa kwao.

Usishangae ukikuta mtoto amebatizwa mwezi mmoja kabla ya "kuzaliwa". Aliyechelewa kusajili alitozwa faini, na wazazi wengine walisogeza tarehe mbele ili kuikwepa. Tarehe ya kanisani ndiyo ya kuaminiwa. Tafuta Sullivan na O'Sullivan pia, kwani familia nyingi ziliiacha "O" na baadaye zikairudisha.

Waanglikana wana kazi ngumu zaidi. Rejista zao nyingi zilikuwa zimepelekwa katika ofisi ya nyaraka mjini Dublin, iliyoteketea Juni 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, pamoja na sehemu kubwa ya sensa za kuanzia 1821 hadi 1851. Sensa za mwanzo kabisa zilizosalimika kikamilifu ni za 1901 na 1911, nazo husomwa bure katika tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi. Zisome zote mbili, lakini umri uushuku: pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa Januari 1909, na wapo waliojiongezea umri ili waipate, wakazeeka zaidi ya miaka kumi kati ya sensa hizo. Pengo la sensa zilizopotea huzibwa kiasi na kitabu cha tathmini ya ardhi cha Griffith, cha 1847 hadi 1864, kinachowataja wakuu wa kaya kitongoji kwa kitongoji.

Anayefuatilia haya kwa ajili ya pasipoti ajue kwamba Ayalandi humruhusu mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa kisiwani humo kuomba uraia, ilhali sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aulize mwanasheria kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kwa babu aliyezaliwa baada ya 1880, iandikie parokia yenyewe barua fupi yenye jina, majina ya wazazi, kitongoji na mwaka, na uombe padre aangalie pambizo ya ukurasa pia. Tangu 1908 Kanisa liliagiza ndoa ya mtu iandikwe kando ya ubatizo wake, popote alipofungia. Kama yule James ndiye wenu kweli, pambizoni panaweza kuwa na jina la mkewe, tarehe, na neno Dar es Salaam.