Kuunganisha volti 12, 5 na 3.3 kwenye saketi moja bila kuunguza ESP32

Tuna mota ndogo ya volti 12, sensa ya umbali ya HC-SR04 inayotaka volti 5, na ESP32 (kompyuta ndogo inayoendesha saketi) ambayo pini zake hazivumilii zaidi ya volti 3.3. Umeme mkuu ni wa volti 12.

1. Shusha volti. Tumia moduli ya LM2596 ya kushusha volti, achana na kishusha volti cha 7805. 7805 ikishusha 12 hadi 5 huku ikitoa nusu ampea, wati 3.5 zinaishia kuwa joto tupu. Kabla ya kuunganisha chochote upande wa kutokea, ipe LM2596 volti 12, weka multimita upande huo, uzungushe skrubu mpaka isome 5.0. Namba isiposogea mwanzoni, endelea tu: skrubu hiyo huhitaji mizunguko mingi.

2. Unganisha GND (waya za hasi) zote. Hapa ndipo masaa hupotea. ESP32 hupima ishara kwa kuilinganisha na GND yake yenyewe, kwa hiyo GND zisipokutana, sensa inaweza kutoa volti 5 kamili na usomaji ukabaki sifuri, au namba zikawa zinarukaruka na kubadilika ukigusa waya kwa kidole. Mtu anaandika programu upya mara tatu, kumbe umekosekana waya mmoja. Hutokea hasa wakati wa majaribio, ESP32 ikiwa kwenye USB ya kompyuta. Hapo chomoa waya wa volti 5 unaotoka LM2596 kwenda ESP32, maana USB tayari inaipa umeme, lakini wa GND uache palepale. Hakikisha kwa multimita kwenye mlio, umeme ukiwa umezimwa: gusa GND moja baada ya nyingine, zote zilie. Chanya za volti tofauti zisikutane kamwe. Waya wa hasi wa upande wa mota uende moja kwa moja kwenye chanzo. Ukipitia kwenye GND ya ESP32, kila mota ikianza kuzunguka ESP32 inaweza kujiwasha upya.

3. Punguza ishara ya Echo, pini ya sensa inayotoa jibu kwa volti 5. Rezista ya kiloomu 1 kutoka Echo hadi pini, ya kiloomu 2 kutoka pini hadi GND: 5 × 2/3 = 3.3. Trig, pini ya sensa inayopokea amri kutoka ESP32, haihitaji kitu. Kwa I2C (njia ya waya mbili ya kuwasiliana na vifaa vingine) usitumie rezista hizi, maana ishara hupita pande zote mbili. Chukua moduli ya BSS138, inayobadilisha volti za ishara pande zote mbili.

4. Mota. Iwashe na kuizima kwa transista ya MOSFET ya IRLZ44N, siyo IRF540N, ambayo kwa volti 3.3 haifunguki vizuri na huchemka. Weka kiloomu 10 kati ya geti (pini ya transista inayopokea ishara) na GND, na dayodi ya 1N4007 sambamba na mota, mstari wake ukielekea chanya.