Namna ya Kuisikiliza Simfonia ya Sita ya Tchaikovsky katika Rekodi Mbili za Zamani

Mtu aliyezoea nyimbo za dakika nne au tano huweza kukata tamaa mapema anapokutana na simfonia ya robo tatu ya saa, akadhani kwamba muziki wa okestra za Ulaya ni wa waliousomea. Kwa maoni yangu, mkazi wa Dar es Salaam ana masikio yaliyokwisha kuandaliwa. Aliyekulia kwenye dansi anajua kufuatilia gitaa la solo linavyopokezana na magitaa mengine, na anajua kuingoja chemko baada ya sehemu ya kwanza iliyotulia; aliyekulia kwenye taarabu amezoea violini kadhaa zikienda pamoja na kumjibu mwimbaji. Anachohitaji ni rekodi nzuri, saa moja ya utulivu, na subira ya kurudia.

Anza na simfonia moja tu, wala usiiache kwa wiki nzima. Mimi huwashauri watu waanze na Simfonia ya Sita ya Pyotr Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi wa ile enzi ya karne ya 19 ambayo katika fasihi tunaiita ya ulimbwende, enzi iliyoyapa maono ya moyo nafasi ya kuongoza sanaa. Aliiongoza mwenyewe ilipopigwa kwa mara ya kwanza mjini St Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893, akafariki dunia siku 9 baadaye. Rekodi ya kutafuta ni ile ya mwaka 1960 ya kampuni ya Deutsche Grammophon, ambamo Yevgeny Mravinsky anaiongoza okestra ya Leningrad Philharmonic, aliyokuwa nayo tangu mwaka 1938. Unapoitafuta kwenye programu za muziki, andika jina la mtunzi, namba ya simfonia na jina la kiongozi wa okestra, kwa sababu mwaka unaoonyeshwa pale mara nyingi ni wa albamu kutolewa upya. Ipakue yote ukiwa na bando la kutosha, zima uchezaji wa kuchanganya ili sehemu zake nne zifuatane, na uizuie programu isirukie muziki mwingine mara simfonia inapokwisha.

Spika ya simu haifai kabisa hapa. Simfonia hii inafunguliwa na fagoti, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, ikipanda taratibu juu ya mabesi yanayonong'ona, na spika ndogo huzimeza sauti hizo zote. Tumia hedifoni za kawaida zilizo nzima, na uondoe nyongeza ya besi kwenye mipangilio. Ukisikia mvumo mwembamba nyuma ya muziki, huo ni wa utepe wa kurekodia wa wakati ule. Usijaribu kuukata, maana utaukata pamoja na mng'aro wa violini. Kuhusu wakati, mimi sijaona unaoshinda ule wa baada ya swala ya alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kupishana na jenereta za jirani hazijawashwa. Zima na pangaboi, hata kama joto la Januari linakusihi uliache.

Sababu ya kuzima pangaboi utaielewa katikati ya sehemu ya kwanza. Baada ya wimbo mpana wa violini, ule ambao utajikuta unauimba kimoyomoyo barabarani, muziki unapungua hadi inabaki ala moja ya kupuliza inayofifia. Tchaikovsky aliandika hapo alama ya upole mara sita mfululizo, ilhali watunzi wengi huridhika na mbili au tatu. Usiongeze sauti, hata ukidhani kwamba simu imezima, kwa kuwa papo hapo okestra nzima inapasuka kwa kishindo, na aliyeongeza sauti huumia masikio na kuukosa mshtuko wenyewe.

Sehemu ya pili ihesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Inasikika kama dansi ya kuzunguka, lakini mapigo ni matano, na mwili unaotaka matatu hauachi kujikwaa. Ya tatu inakwisha kwa shangwe kubwa hata hadhira nyingi kumbini hupiga makofi zikidhani shughuli imekwisha, na hapo ndipo sehemu ya mwisho inapoingia kwa kilio.

Tulia hapo. Wimbo unaousikia mwanzoni mwa sehemu hiyo ya nne haupigwi na mtu yeyote. Violini za kwanza zinapiga noti moja ya wimbo, violini za pili zinapiga inayofuata, nazo zinaendelea kupokezana hivyo hivyo, kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukishuka wa yule unapanda. Mravinsky aliziketisha violini za kwanza kushoto na za pili kulia, kwa hiyo vaa hedifoni vizuri, fumba macho, na usikilize kilio kinavyovuka kutoka sikio hadi sikio. Kisha vua upande mmoja, urudie dakika hiyo hiyo: utasikia vipande vilivyokosa wenzao. Baadaye wimbo ukirejea, violini za kwanza zinaupiga wote peke yao, na tofauti hiyo inanigusa kila mara.

Ukishaizoea rekodi hiyo, tafuta ya Leonard Bernstein na New York Philharmonic ya mwaka 1986, ya kampuni ile ile, usikilize sehemu ya nne peke yake. Mravinsky anaimaliza kwa karibu dakika 10; Bernstein anachukua kama dakika 17, kwa noti zile zile. Wa kwanza analia amesimama, hataki kushikwa mkono. Wa pili ameketi chini na hana haraka ya kuinuka. Mimi namrudia Mravinsky mara nyingi zaidi, ingawa kuna usiku ambao Bernstein ndiye anayenifaa. Katika kila moja, ngoja pigo moja pole la tamtamu, lile bamba kubwa la shaba, na tromboni zinazolifuata, kisha fuata mabesi yanavyodunda na kufifia hadi usijue yamenyamaza lini.

Kwa wiki inayofuata chukua Simfonia ya Tisa ya Antonín Dvořák, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mwaka huo huo wa 1893, katika rekodi ya Karel Ančerl na Czech Philharmonic ya mwaka 1961. Ya Nne ya Johannes Brahms, aliyoiongoza Carlos Kleiber na Vienna Philharmonic, iweke ya tatu, kwani sehemu yake ya mwisho imejengwa juu ya kipande kifupi kinachorudiwa mara 30 kwa sura tofauti, na ni vyema masikio yawe yameshazoea kuhesabu.