Mbali Zaidi au Karibu na Nyumbani: Mwongozo kwa Anayetaka Kuhama Tena

Mkataba wa kazi unapokaribia kwisha, au muda wa kuhuisha kibali cha ukaazi unapowadia, wengi wetu tunaoishi nje hujikuta kwenye njia panda. Njia moja inakwenda mbali zaidi: aliyeko Muscat au Dubai anaitafuta Kanada, na aliyeko Leicester, Uingereza, anaanza kuulizia habari za Australia. Njia ya pili inarudi upande wa kwetu, lakini si lazima ifike mlangoni kwa wazazi: Mtanzania anapata kazi Nairobi, Mkongo wa Bukavu anafungua duka Kigali, Mganda anahamia Dar es Salaam. Ninamwandikia mtu aliyesimama hapo, kwa sababu na mimi nilisimama hapo, na maswali niliyoulizwa wakati ule na watu walionitakia mema yalikuwa karibu yote ya mshahara, ilhali swali lililoniamulia lilikuwa jingine kabisa. Nyumbani wanahitaji pesa zako, au wanakuhitaji wewe mwenyewe?

Mwezi mmoja wa daftari

Kabla ya kujaza fomu yoyote, chukua daftari, uandike kwa mwezi mzima kila simu inayotoka nyumbani: nani amepiga, saa ngapi, kwa jambo gani, na jambo lenyewe limekwishaje. Mwisho wa mwezi zigawe simu hizo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zilizokwisha kwa kutuma pesa. La pili ni zile ambazo pesa haikuzimaliza, kwa sababu alihitajika mtu wa kukaa na mgonjwa, wa kusimamia mirathi, wa kwenda shule kuonana na mwalimu, au wa kumtazama fundi usoni na kumuuliza mabati yamekwenda wapi. Nilipofanya hivyo nikiwa Leicester nilihesabu simu 31. Simu 22 zilikwisha siku ileile. Tisa hazikwisha, na kati ya hizo sita zilimhusu mama yangu aliyeko Tanga, ambaye presha yake ilikuwa ikipanda na kushuka, na dada yangu anayemuuguza alikuwa ameanza kuchoka ingawa mwenyewe hakusema.

Fungu la kwanza likiwa kubwa, usione haya kwenda mbali. Familia yenye watoto wanaosomeshwa, wazee wenye nguvu na ndugu waaminifu walio jirani nao inafaidika zaidi na mshahara wa Edmonton, Kanada, kuliko na mtoto wao aliyeko Nairobi akihangaika na kodi ya nyumba. Lakini fungu la pili likiwa linakua mwezi hadi mwezi, mshahara mkubwa zaidi hautalipunguza, na ni afadhali ulijue jambo hilo kabla hujalipa ada za viza.

Sisi wa Pwani tuna hesabu moja ya ziada. Maiti ya Mwislamu huzikwa siku ileile au kesho yake, na maziko hayasubiri ndege. Baba alipofariki nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri ya Tanga, ambayo kwangu ilikuwa saa nane usiku wa baridi. Akazikwa baada ya Alasiri. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka London hadi Dar es Salaam, na hata ingekuwapo nisingewahi. Mpwa wangu alisimama kando ya kaburi ameshika simu juu. Picha ilikatikakatika, lakini sauti ilifika, nikasikia majembe yakigonga kifusi na watu wakipokezana, kisha talakini ikisomwa, na mimi nimekaa jikoni na koti la kazini mwilini. Kwa ndugu zetu wa bara, ambako maiti huweza kukaa mochari wiki nzima au zaidi wakisubiriwa jamaa, umbali hauumi kwa namna hii, na kila mmoja ajipimie kwa desturi ya kwao.

Ndiyo maana ninashauri umbali upimwe kwa saa. London hadi Nairobi ni kiasi cha saa nane na nusu za ndege moja. Kutoka Alberta, jimbo la Kanada lenye Edmonton, utabadilisha ndege angalau mara moja, na saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa wakati wa kiangazi na kumi wakati wa baridi, hivyo mama anapomaliza kula cha usiku wewe ndiyo kwanza uko kazini mchana, na unaporudi nyumbani jioni yeye yuko usingizini. Oman wako mbele yetu kwa saa moja tu. Tofauti hii haionekani kwenye barua ya kazi, lakini ndiyo itakayoamua kama utaongea na mzazi wako kila siku au kila Jumapili.

Usipoteze karatasi ulizozihangaikia

Hapa ndipo watu huumia zaidi, na huumia kwa kutojua. Kibali cha kudumu cha nchi za nje hakidumu ukiondoka. Uingereza, ukaazi wa kudumu hupotea ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Kanada, mkaazi wa kudumu anatakiwa awe ameishi ndani ya nchi kwa siku 730 katika kila miaka mitano. Ujerumani, kibali cha kudumu kwa kawaida hufutika baada ya miezi sita nje, isipokuwa umekubaliana mapema na ofisi ya wageni. Mwenye kadi ya kijani ya Marekani akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali maalumu cha kurejea, anahesabiwa kuwa ameuacha ukaazi wake. Katika nchi za Ghuba hakuna mjadala mrefu, kwa kuwa ukaazi wa wengi wetu unafuata kazi, na kazi ikiisha kibali nacho kimekwisha.

Kwa hiyo wengi husema, nitachukua uraia kwanza, kisha niondoke. Kwa Mkenya ushauri huo ni mzuri, kwa sababu Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa raia wa nchi mbili, ila sheria inamtaka autangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu. Mganda na Mnyarwanda nao wana ruhusa hiyo. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wa kwao, na Mkongo hali kadhalika, kwa kuwa sheria ya Kongo haikubali uraia wao uchanganywe na mwingine. Mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayofungua njia ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Ni hatua ya maana sana, hasa kwa mwenye kiwanja au nyumba, lakini hadhi hiyo si uraia, na asiichukue mtu kana kwamba amerudishiwa pasipoti.

Lipo jambo jingine ambalo Watanzania wenzangu hulisahau. Ukishakuwa raia wa Uingereza, huko Nairobi au Kampala unahesabiwa Mwingereza. Haki zote za raia wa Afrika Mashariki unaziacha, na unaingia kwenye foleni ya vibali pamoja na mgeni aliyetoka Manchester ambaye hajawahi kuiona bahari yetu. Mimi nilibaki na pasipoti ya Tanzania, nikijua kuwa nikikaa nje miaka miwili mlango wa Uingereza utafungika. Simshauri kila mtu afanye hivyo. Ninashauri tu kwamba afanye akijua.

Karibu na nyumbani napo kuna mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na wengi wanadhani kuanzia siku hiyo kazi ni huria. Hali haijafika huko. Raia wa nchi mwanachama mwenye mkataba unaozidi siku 90 bado anatakiwa kuomba kibali cha kazi, na kila nchi ina uzito wake. Kenya, Uganda na Rwanda zimelegezeana zaidi, hata raia wao huvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania inaongozwa na sheria ya 2015 ya ajira za wageni, ambayo inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania kwa kazi hiyo akamkosa. Kwa hiyo usihame kwa ahadi ya mdomo. Muulize mwajiri nani anaomba kibali, nani analipa, na kama familia yako imo.

Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana mikataba ya kutambuliana vyeti vya taaluma ndani ya Jumuiya, ingawa utekelezaji unatofautiana. Wauguzi na walimu wajiandae kuanza usajili upya, na waanze wakiwa bado wanalipwa huko waliko.

Mimi nilihamia Mombasa. Kutoka hapo hadi Tanga, kupitia Lunga Lunga na Horohoro, ni basi la nusu siku pamoja na kusimama mpakani, na mama akilazwa asubuhi jioni nimefika. Mshahara wangu ulipungua sana, na miezi ya kwanza nililala na kuamka na hesabu kichwani. Ninalisema hili wazi kwa sababu wanaorudi mara nyingi hulificha, na wanaowafuata huja wakiwa hawajajiandaa.

Hesabu ifanywe kwa kinachobaki

Mshahara ulioandikwa kwenye mkataba hauna maana mpaka utoe kodi ya serikali, pango, nauli, ada za shule, bima na unachotuma nyumbani. Chukua mfano wa Uingereza. Mbali na ada ya viza, kuna tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto. Baba, mama na watoto wawili ni pauni 3,622 kwa mwaka, na kwa viza ya miaka mitano ni pauni 18,110 zinazodaiwa kabla hamjapanda ndege. Wanaokwenda kwa viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa tozo hiyo, lakini tangu Julai 2025 nafasi za kutunza wazee zimefungwa kwa waombaji wapya kutoka nje. Wakala anayekuuzia nafasi hiyo leo, ukiwa Muscat au Mombasa, anakuuzia kitu ambacho hakipo, na ninamwomba kila msomaji amfikishie habari hii ndugu yake aliyekwisha kuanza kuuza shamba.

Upande wa kwetu makosa huwa kwenye vitu viwili ambavyo Uingereza vililipwa na kodi: shule na matibabu. Kenya mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba, na bado wengi hununua bima binafsi juu yake. Watoto ndio hesabu nzito zaidi. Mtoto wa darasa la tano aliyekulia Leicester hataweza kuingia shule ya msingi ya serikali Tanzania, inayofundisha kwa Kiswahili, bila kuteseka mwaka mzima, na shule binafsi ya Kiingereza inaweza kula tofauti yote uliyotarajia kuiweka akiba. Uliza ada kwa maandishi, pamoja na basi, chakula na sare.

Usisahau pia jasho ulilokwisha kulimwaga. Oman, sheria ya kazi ya 2023 inampa anayeondoka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka, na angalia neno msingi, kwa kuwa marupurupu hayahesabiwi. Uingereza, pensheni ya serikali inahitaji angalau miaka 10 ya michango, na 35 ili uipate nzima. Ukistaafia Kenya au Tanzania utalipwa, lakini haitapandishwa kila mwaka kama inavyopandishwa kwa wanaobaki kule. Itabaki palepale ilipoanzia. Mwenye miaka minane ya michango na afikirie sana kabla ya kuondoka.

Jaribu mwezi ulio mgumu

Kama nafasi inakuruhusu, nenda ukaishi mahali unapotaka kuhamia kwa wiki nne au sita, na usiende Desemba. Desemba kila mtu yuko likizo, nyumba imejaa na wewe ni mgeni. Nenda Aprili au Mei, masika yakinyesha, ukapange chumba badala ya kulala kwa jamaa, upande daladala au matatu asubuhi, uone umeme ukikatika ukiwa na kazi ya kuwasilisha. Mwenzi wako awepo. Nimeona ndoa zilizoyumba kwa sababu mmoja aliamua na mwingine akaarifiwa.

Na kabla ya kuondoka ulipo, kusanya nyaraka ungali na anwani ya huko: cheti cha polisi, rekodi za shule na kadi za chanjo za watoto, taarifa ya michango ya pensheni, hati za kodi, na barua ya mwajiri yenye tarehe za kuanza na kumaliza kazi, iliyotiwa saini na mtu ambaye bado yuko ofisini. Zibebe kwenye mkoba wa mkononi. Barua yangu ya mwajiri niliiacha nikidhani nitaiagiza kwa barua pepe. Ilinichukua miezi minne kuipata nikiwa Mombasa, na miezi hiyo yote ombi langu la kibali lilikuwa limekaa mezani likiisubiri.