Namna ya kupitishiwa API ya Google Classroom kwa app ya masomo uliyoitengeneza ukiwa chuo

Madogo wa MUST (chuo cha sayansi na teknolojia Mbeya) na wa Mkwawa (chuo cha elimu Iringa) mnaniuliza sana hili. App imekamilika, ila mwalimu akijaribu kuiunganisha na Google Classroom (mfumo wa Google wa madarasa mtandaoni) kupitia API, yaani njia ya programu mbili kuongea, inatokea ile skrini ya onyo kwamba app haijahakikiwa, anaogopa anatoka hapohapo. Fuateni hivi, na kikubwa kuliko vyote ombeni ruhusa chache, mkaguzi wa Google hawajui nyie na kila ruhusa mnayoongeza inamzalishia maswali.

Hatua ya 1: angalia kama uhakiki unauhitaji sasa hivi. Kama app ni ya matumizi ya chuo tu na project (mradi wa app yako kwenye Google Cloud) iko chini ya Workspace ya chuo (akaunti za Google za taasisi), chagua Internal (ya ndani tu), hapo uhakiki hakuna. Kama ni External (ya watu wa nje pia), iache kwanza kwenye Testing (majaribio), unaruhusiwa kuweka watumiaji hadi 100, kwa shule moja ya pale Uyole inatosha kabisa kujaribia. Ila tokeni za Testing (funguo zinazomwacha mtumiaji ndani bila kuingia upya) zinakufa baada ya siku 7 kwa hiyo mwalimu itabidi aingie upya, mwambie mapema asije akadhani app imeharibika.

Hatua ya 2: punguza skopu, yaani zile ruhusa app inazoomba. Hapa ndo pa kukaa napo muda mrefu. Pitia kodi, kila sehemu inayoita API jiulize ukiitoa nini kitagoma, kama hakuna basi itoe. Unaonyesha orodha ya madarasa tu? Chukua classroom.courses.readonly, ya kuandika achana nayo. Drive nzima usiiguse kabisa, hiyo iko kundi la restricted (ruhusa zilizobanwa zaidi) na inaweza kukuletea ukaguzi wa usalama ambao mwanafunzi wa boom hauwezi, tumia drive.file, inafungua mafaili ambayo app imeyatengeneza yenyewe au mtumiaji kayachagua, na haihesabiwi kuwa nyeti.

Kwenye sababu ya kila skopu usiandike "tunataka kuinua elimu", hiyo haimwambii mtu kitu. Andika hivi: "Mwalimu akibonyeza Leta Darasa, app inasoma majina ya madarasa yake ili achague moja la kulitumia jaribio la fizikia. Haibadilishi wala haifuti chochote." Ukishindwa kuandika sentensi kama hiyo, basi hiyo skopu huihitaji.

Hatua ya 3: domeni yako mwenyewe, ithibitishe kwenye Search Console (huduma ya Google ya kuonyesha tovuti ni yako) kwa akaunti ileile yenye project. Ukurasa wa mwanzo ufunguke bila kulogin, ueleze app inafanya nini na uwe na linki ya sera ya faragha. Sera usikopi ya mtu jamani, sema unachukua nini, unahifadhi wapi, nani anaona na mtu anafutaje taarifa zake. Na tusisahau hawa ni watoto wa watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti.

Hatua ya 4: video. Rekodi skrini, pandisha YouTube kama unlisted (anaiona mwenye linki tu). Onyesha mtu anavyoingia kuanzia mwanzo, skrini ya ridhaa ionekane yote pamoja na client ID (utambulisho wa app yako kwa Google) kwenye anwani ya brauza, halafu onyesha kila skopu inavyotumika. Kama akaunti yako iko kwa Kiswahili, badilisha lugha ya ile skrini iwe Kiingereza, chini kushoto. Jina la app liwe lilelile kwenye video, kwenye tovuti na kwenye konsoli ya Google Cloud.

Hatua ya 5: tuma ombi la uhakiki, kisha fungua email kila siku. Wakiuliza, jibu kwenye email ileile, usianzishe ombi jipya.

Ukishapitishwa, bado kuna admin wa shule. Akaunti za wanafunzi chini ya miaka 18 kwenye Workspace for Education haziwezi kutumia app ya nje mpaka yeye airuhusu, kwa hiyo mpelekee client ID, orodha ya skopu na linki ya sera kabla hujaenda kufundisha darasa.