Somo: Kuzidisha kromosomu za okidi kwa dawa, kuanzia chupa mpaka maua

Salamu kutoka Tanga, wanakikundi. Somo hili limeombwa na wengi, na nimelichelewesha makusudi kwa sababu linahusu dawa. Ninawaandikia wale ambao tayari wanaotesha mbegu za okidi kwenye chupa. Kama chupa zako bado zinaota ukungu kila masika, malizana na ukungu kwanza, ndipo urudi hapa.

Kwanza tuelewane tunafanya nini. Seli ya Phalaenopsis ya porini ina kromosomu 38, na nyingi za Vanda na Dendrobium ni hivyo hivyo. Cattleya na Cymbidium zina 40. Hizo ni seti mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu hujirudufu, kisha nyuzi nyembamba sana huzivuta nakala pande mbili, kama watu wanaovutana kamba, na ukuta unajengwa katikati. Dawa yetu inazuia nyuzi hizo zisijengeke. Nakala zipo, wa kuzivuta hakuna, na seli inabaki na kromosomu 76 mahali pa 38. Dawa ikiondoka seli inaendelea kugawanyika kama kawaida, ila sasa ina seti nne. Hiyo ndiyo tetraploidi.

Anayeona jambo hili ni la kigeni atazame shambani. Ndizi tunazokula, nyingi zina seti tatu, kromosomu 33, na ndiyo maana humo ndani hakuna mbegu. Mkonge wetu wa kawaida una seti tano. Mbegu zake ni za shida, kwa hiyo mashamba yote ya Tanga yalipandwa kwa maotea na vimche vinavyotoka kwenye mlingoti. Na zile Phalaenopsis nyeupe za maua makubwa ya mviringo zinazouzwa duniani kote, nyingi zina damu ya Phalaenopsis Doris, chotara ya seti nne iliyoandikishwa mwaka 1940.

Dawa ya zamani ni kolkisini. Mwaka 1937 Blakeslee na Avery wa Marekani walionyesha kwamba inazidisha kromosomu za mimea, na tangu hapo wazalishaji wa maua hawakuiacha. Mimi siipendi kwa kazi ya nyumbani. Kolkisini inazikamata nyuzi za seli za wanyama vizuri kuliko za mimea, maana yake ni kwamba kiasi kinachotosha mmea ni kikubwa na ni sumu kali kwako wewe unayeishika. Orizalini, ambayo asili yake ni dawa ya magugu, ni kinyume chake: inanata sana kwenye nyuzi za mimea na kwa shida sana kwenye za wanyama. Kwa hiyo unatumia miligramu chache kwa lita. Haina maana ni ya kuchezea, lakini kati ya hizo mbili, somo hili ni la orizalini.

Hatua ya 1: Chagua cha kuzidisha

Usizidishe kitu kwa sababu kipo. Sababu nzuri ni mbili. Ya kwanza, una chotara tasa: wazazi wake wako mbali kiukoo, kromosomu zao hazipatani wakati wa kutengeneza chavua, na ganda la mbegu halishiki. Ukizizidisha, kila kromosomu inapata pacha wake na mara nyingi rutuba inarudi. Ya pili, unataka kumzalisha mmea wako na mzazi wa seti nne. Wa seti mbili kwa wa seti nne anazaa seti tatu. Watoto wanaweza kuwa wazuri wa kuuza, ila ukoo kwa kawaida unaishia hapo.

Hatua ya 2: Otesha mpaka protokomu

Ganda la Dendrobium livune likiwa bichi, miezi mitatu hadi minne tangu uchavushaji. La Phalaenopsis miezi minne hadi sita. Lioshe kwa jiki, lipitishe kwenye spiriti, lipasue ndani ya kisanduku chako kisafi cha kuzuia vijidudu. Chakula cha chupa mnakijua: chumvi za madini za kuoteshea mimea (si ya jikoni) nusu kipimo, sukari gramu 20, aga (unga wa kugandisha) gramu 7, maji ya dafu mililita 100 kwa lita, pH 5.5, dakika 20 kwenye sufuria ya presha. Sisi wa pwani kwenye dafu hatuna wa kutushinda.

Subiri mpaka uone protokomu, yaani vidonge vya kijani vya milimita moja hadi mbili, vyenye vinyweleo vyeupe kwa chini, juu pakiwa bado hapajachomoza jani. Hapo ndipo penyewe. Kidonge cha namna hiyo kina sehemu moja ndogo ya ukuaji yenye seli chache, na dawa inaweza kuzifikia zote kwa pamoja. Jani likishatoka, seli ni nyingi mno. Baadhi zitazidishwa, nyingine zitabaki, na utapata mmea mchanganyiko.

Hatua ya 3: Tengeneza dawa mama

Tafuta unga safi wa orizalini wa maabara. Ile ya kupulizia shambani imechanganywa na vitu vingine vitakavyoua protokomu kabla ya orizalini yenyewe. Yeyusha miligramu 100 kwenye mililita 100 za alkoholi safi ya asilimia 95. Maji matupu hayaiyeyushi vya kutosha. Spiriti ya bluu ya dukani haifai. Mizani ya sonara inayosoma 0.01 nayo haifai kwa kipimo hiki, nenda ukapimiwe maabara ya shule au chuo.

Sasa kila mililita ina miligramu moja. Chupa ya rangi nyeusi, karatasi yenye jina na tarehe, mahali pa baridi pasipo na chakula wala mtoto. Glavu na miwani kila unapoishika, na kama una mimba au unanyonyesha, kazi hii mwachie mwingine.

Hatua ya 4: Loweka

Tengeneza chakula kile kile bila aga, kichemshe kwenye presha, kiache kipoe kabisa. Weka mililita 20 katika kila chupa ndogo. Dawa pima kwa bomba la sindano la insulini lenye alama 100 kwa mililita: alama ya 10 ni mililita 0.1, ambayo kwenye mililita 20 inakupa miligramu 5 kwa lita. Alama ya 20 inakupa miligramu 10. Dawa mama iko kwenye alkoholi kali, kwa hiyo huna haja ya kuichuja vijidudu.

Gawa protokomu makundi matano: chakula kitupu, chakula na alkoholi tupu isiyo na dawa (kiasi cha alama ya 20), miligramu 5 kwa siku tatu, miligramu 5 kwa siku sita, miligramu 10 kwa siku tatu. Kundi la alkoholi watu hulidharau, halafu protokomu zikifa hawajui kilichoziua ni dawa au pombe. Funika chupa kwa foili, na kama huna mashine ya kutikisa, zizungushe kwa mkono asubuhi, mchana na jioni ili vidonge vipate hewa.

Hatua ya 5: Osha, rudisha

Suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye presha, kisha rudisha kwenye aga isiyo na dawa. Maji ya dawa na ya suuzo la kwanza usiyamwage kwenye mtaro. Orizalini si rafiki wa samaki na mitaro yetu yote mwisho wake ni baharini. Kusanya kwenye dumu lenye alama, upeleke kwenye maabara inayoharibu taka za kemikali.

Hatua ya 6: Subiri, na usiteue kwa macho ya sokoni

Wiki za mwanzo zinatisha. Vidonge vinavimba, vingine vinakuwa kahawia. Kundi likipoteza karibu nusu, wazalishaji wengi huona kipimo kiko sawa. Kisipokufa hata kimoja, huenda dawa haikufanya kazi.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Tumezoea kuhamisha miche mikubwa na kutupa inayosuasua. Kwenye kazi hii, iliyokimbia mara nyingi ni ile ambayo dawa haikuigusa. Tetraploidi hukua polepole, jani lake ni fupi, pana, nene, kijani kilichokolea, na mzizi wake ni mnene wenye ncha butu. Ukitupa wadumavu wote, umetupa ulichokuwa unakitafuta, umebaki na miche ambayo ungeipata bila dawa yoyote. Hamisha yote iliyo hai, hata ile isiyopendeza, kila mmoja na namba yake.

Hatua ya 7: Pima

Mche ukiwa na jani la kutosha, paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini, kidogo tu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Ikauke kabisa. Bandika seloteipu juu yake, bandua taratibu, ibandike kwenye kioo cha hadubini. Kwa ukuzaji wa mara 400 utaziona stomata, vitundu vya kupumulia vya jani, zimechapika, kila moja na midomo yake miwili. Pima urefu wa stomata ishirini au thelathini, uzilinganishe na za mche wa kundi la chakula kitupu wenye umri ule ule. Za tetraploidi ni ndefu zaidi na zimekaa mbalimbali.

Hicho ni kipimo cha kupunguza wingi wa miche. Uhakika ni kuhesabu kromosomu kwenye ncha ya mzizi, au kupima kiasi cha DNA kwa mashine. Kwa vyovyote tumia ncha changa ya mzizi: jani la zamani la Phalaenopsis, hata la mmea wa seti mbili, lina seli zilizojizidisha zenyewe, na litakudanganya.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Muheza: Shikamoo mwalimu. Nyuma ya nyumba kuna ua linalotambaa, jekundu na manjano, petali zimepinda juu kama moto. Nimesikia lina kolkisini. Naweza kuchemsha viazi vyake nikapata dawa ya bure?

Marahaba mwanangu. Hilo ni Gloriosa superba, na ni kweli lina kolkisini. Usichemshe. Mmea wote ni sumu na viazi vyake ndivyo vibaya zaidi. Sri Lanka watu wamekufa kwa kuvila. Halafu hutajua maji yako yana kiasi gani, na kazi hii bila kipimo ni kuua protokomu tu. Vidonge vya jongo vya duka la dawa vyenye kolkisini navyo viache huko huko, ni dawa ya mgonjwa.

Kutoka Raskazoni: Ninayo Vanda moja kubwa. Siwezi kuipaka dawa kwenye chipukizi bila kupitia chupa?

Dada yangu, watu wamejaribu kuweka pamba yenye dawa kwenye jicho la mmea. Shida ni mchanganyiko: tabaka la nje seti nne, la ndani seti mbili. Chavua inatokana na tabaka la ndani, kwa hiyo ua linaweza kuonekana limebadilika na watoto wakatoka wa kawaida kabisa. Kwa Vanda moja mimi nisingeihatarisha.

Kutoka Pangani: Mume wangu anasema hii ni GMO, mimea iliyobadilishwa jeni, na tutafungwa.

Mwambie shemeji atulie. Hakuna jeni lililoingizwa kutoka kiumbe kingine, ni kromosomu zile zile zimeongezeka idadi. Ila lipo la sheria ambalo wengi hawalijui: okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, na za porini hazing'olewi ovyo, msitu wa Amani ndiyo kabisa. Tumieni mimea mliyoizalisha au kuinunua kihalali, na mkitaka kuvusha mmea mpakani ulizeni vibali mapema.

Kutoka Korogwe: Nikizidisha mara ya pili, seti nne zikawa nane, maua yatakuwa makubwa zaidi?

Hapana kaka. Ukipita seti nne mmea kwa kawaida unadumaa, jani linakakamaa, ua linakuja baya au haliji. Na hata seti nne si hakika ya ukubwa. Unachopata mara nyingi ni petali nene na ua la mviringo linalodumu. Idadi ya maua kwenye shina inaweza hata kupungua.

Kutoka Lushoto: Kuna njia isiyo na dawa kabisa? Hapa nina watoto wadogo.

Ipo kwa Phalaenopsis. Kwa sababu seli zake nyingine hujizidisha zenyewe, ukiikata protokomu kwa kukingama, ukatupa kichwa na kuacha sehemu ya chini ichipue upya, baadhi ya machipukizi hutokea kwenye seli hizo na huwa tetraploidi. Unahitaji wembe safi, mkono uliotulia na protokomu nyingi. Kupima ni kule kule, rangi ya kucha kwanza. Kwa nyumba yenye watoto, anza na hii.

Kutoka Ngamiani: Maua nitayaona lini?

Phalaenopsis ya kawaida, miaka miwili hadi mitatu tangu itoke chupani ikitunzwa vizuri. Ya seti nne iongezee muda, na usiikimbize kwa mbolea nyingi, mizizi yake minene inachelewa kukauka na kwa unyevu wetu itaoza. Mwagilia asubuhi tu.