Jinsi ya kumgeuza mungu wa kifo awe karakta wa gemu ya mashujaa

Oya, kama unaunda gemu au unaandika tu stori ya karakta wako, usianze na muonekano, kila mtu anakimbilia joho jeusi na fuvu ndo maana wote wanafanana. Kwanza rudi kasome masimulizi yenyewe ya zamani.

Mcheki Hela wa Marvel Rivals, gemu ya NetEase iliyotoka Desemba 2024 (ndiyo, Hela, ukilitaja mbele za watu wanajua umekuja kudai pesa yako). Ametokana na Hel, mtawala wa kuzimu kwenye masimulizi ya Skandinavia, Stan Lee na Jack Kirby wakamuingiza kwenye komiki mwaka 1964. Kwenye gemu anageuka kunguru anapaa, wakati huko kwenye masimulizi kunguru ni wa Odin, mkuu wa miungu, bwana. Inapendeza, siwalaumu, ila vitu vyake mwenyewe ndo vitamu zaidi.

Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13 aliyeyaandika masimulizi hayo, anasema sahani ya Hel inaitwa Njaa, kisu nacho jina lake ni njaa vilevile, kitanda chake ni kile cha mgonjwa asiyeinuka, na kizingiti cha mlango wake kinaangusha watu. Hizo tayari ni skili nne! Sahani inamnyonya adui damu hata kama mponyaji wa timu yake anamjaza, kizingiti unakitega mlangoni anayepita anajikwaa, hivyo hivyo unaendelea.

Halafu uliza nani anaenda kwake. Kwa Hel ni waliokufa kwa maradhi na uzee, wapiganaji waliofia vitani wana kwao kwingine. Kwa hiyo pawa yake ipande adui akifa taratibu, kwa sumu mfano, akifa kwa upanga asipate kitu.

Udhaifu usiubuni, upo. Baldr, mtoto wa Odin, alipokufa, Hel alikubali kumrudisha kama kila kitu duniani kitamlilia, vikalia vyote akakataa jitu jike mmoja tu, basi Baldr akabaki hukohuko. Ifanye hiyo ndo ulti, yaani skili yake kubwa kuliko zote: aliyekufa anafufuka pale timu nzima ikibonyeza kitufe, mmoja akigoma imekula kwenu (na kwenye timu za mtandaoni huyo mgomaji hakosekani).

Muonekano weka mwisho, Snorri kashakupa: nusu rangi ya ngozi, nusu bluu inayokaribia weusi, na uso umenuna.