Wiki za mwisho kabla ya Krismasi darasa la pili: namna ya kuzitumia zisipotee bure

Walimu wenzangu wa madarasa ya chini, hasa nyie wa darasa la pili, hii ni kwa ajili ya zile wiki ambazo mtihani wa kufunga mwaka umeisha ama uko ukingoni na shule bado haijafungwa, yaani toka katikati ya Novemba mpaka mwanzoni mwa Desemba. Mnazijua. Mwalimu yuko ofisini anajumlisha maksi na kujaza ripoti, monita ameachiwa chaki aandike majina ya wapiga kelele, watoto wanacheza rede toka saa mbili mpaka saa sita, na mtoto akiulizwa nyumbani leo mmesoma nini anajibu hamna.

Mimi naona hizi ndo wiki nzuri kuliko zote za mwaka kwa mtoto ambaye bado hajajua kusoma. Mada zimeisha, hakuna anayekukimbiza na azimio la kazi, yaani ule mpango wa mada za mwaka, na yule mtoto Januari anaingia darasa la tatu ambako masomo yanaongezeka na kila somo linataka asome mwenyewe, swali la hisabati asome, la sayansi asome, akishindwa hapo anakuwa anakaa tu nyuma ya darasa anaangalia dirishani mpaka amalize shule ya msingi. Kwa hiyo tusimwache hivi hivi.

Anza kwa kujua nani hasomi, na usitumie maksi za mtihani kujua hilo maana pepa la kuchagua jibu mtoto anaweza kubahatisha na akapata. Waite mmoja mmoja mezani kwako wenzao wakiwa wanachora. Fungua kitabu ukurasa wanaoujua, funika picha kwa kiganja, mwambie asome. Akimaliza vizuri usimruhusu aondoke kwanza, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari umuulize hili ni neno gani. Hapo ndo utaona. Kuna watoto wengi tu wameshika ukurasa mzima kichwani, wanauimba bila kukosea, ila ukiweka kidole katikati anakwambia neno jingine kabisa ama unaona midomo inatembea kimyakimya anaanza mwanzo wa sentensi mpaka afike pale ulipoweka kidole. Huyo anakumbuka, hajaanza kusoma. Andika jina lake na andika amekwama wapi hasa: wengine bado wanachanganya b na d, wengine silabi za kawaida wanaziweza ila wakikutana na mb, nd, ng, ny wanaruka ile herufi ya kwanza, mbuzi anakuwa buzi, na wengine wanakwama kwenye zile nzito kama mchwa, nywele, kupendwa. Mtoto mmoja ni dakika mbili tatu, na kama una watoto themanini na kitu ukichukua kumi na tano kila siku ndani ya wiki moja na siku moja mbili umemaliza, haihitaji karatasi ya fotokopi wala hela.

Baada ya hapo wiki zako ziwe na mpangilio mmoja unaojirudia, watoto wadogo wanatulia wakijua leo kuna nini. Kila asubuhi, nusu saa ya kwanza baada ya mstarini, ni kusoma kwa makundi na hii usiiguse hata kama mwalimu mkuu anahitaji ripoti mezani. Kundi la silabi za kawaida liwe mbele karibu na wewe, kundi la mb na nd na wenzake liwe katikati, na wale wanaosoma vizuri wape kitabu cha hadithi wajiandae kuwasomea watoto wa awali siku ya Ijumaa, wanapenda sana hiyo kazi na inawaondolea uvivu wa kusema sisi tunajua. Ila makundi usiyape majina ya kuudhi na usimtangaze mtoto mbele ya wenzake kwamba hajui, mtoto wa miaka nane aibu anaijua.

Vifaa: kata maboksi ya biskuti au ya sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja, andika silabi kwa maka peni, silabi moja kila kipande. Halafu maneno wanayojenga yawe ya msimu huu, sikukuu, safari, bibi, basi, embe, mvua, pilau, shangazi, nguo. Mtoto ambaye kichwani mwake yuko tayari kwenye basi anaenda kwa bibi atahangaika mpaka alisome neno bibi, wakati neno la kwenye kitabu halimhusu. Sasa tuseme mtoto anatafuta nguo. Anaokota GU, anaweka na O pembeni, anasoma kwa furaha kabisa "nguo". Wengi wetu hapo tunasema umekosea na tunamwita mwingine. Usifanye hivyo, tafuta NGU uiweke juu ya ile GU yake, mwambie aweke kidole pembeni ya pua aseme gu, halafu aseme ngu. Kwenye ngu pua inatetemeka kidogo chini ya kidole, kwenye gu hamna kitu. Utaona macho yanavyofunguka. Kesho yake fanya hivyo hivyo kwa bu na mbu, du na ndu, halafu mwache ajaribu mwenyewe bila wewe kumwambia, asiposikia mtetemo anajua kuna herufi kaisahau.

Kuhesabu naomba mkatoe watoto nje. Shule nyingi zina ule mti wa maua mekundu ambao wengi tunauita mkrismasi kwa sababu unachanua msimu huu huu, Novemba na Desemba, chini kunakuwa kwekundu kote. Waambie waokote maua yaliyodondoka yakiwa mazima, wasichume mtini. Kila ua lina petali 5, nne nyekundu tupu na moja ina rangi nyeupe au njano yenye madoa, na katikati kuna vile vijiti virefu, stameni, ni 10. Yaani mti umekupa jedwali la tano na la kumi bure. Maua 3 yana petali ngapi, maua 6 je, na stameni za maua 6 ni ngapi, wanahesabu kwa vidole mara ya kwanza, mara ya pili wanaanza kuruka tano, kumi, kumi na tano. Kutakuwa na mtoto analalamika madam langu halijatimia, na hapo usimpe lingine, mfanye huyo awe ndo swali la darasa zima: maua 4, moja limepoteza petali 2, zimebaki ngapi? Hiyo ni kuzidisha na kutoa kwa pamoja na hawajui kama wamefanya hesabu ngumu.

Siku nyingine iwe siku ya duka. Wiki moja kabla waambie walete paketi tupu za chumvi, majani ya chai, sabuni, kiberiti, unga, na wao wenyewe waandike bei kwenye vipande vya karatasi kwa sababu kuandika nako ni zoezi. Hela wakate za karatasi, hamsini, mia, mia mbili, mia tano. Wapange foleni wanunue vitu vya sikukuu. Uuzaji wenyewe ni rahisi, kazi ipo kwenye chenji, ndo watoto wanachanganyikiwa kwa sababu 500 kutoa 350 kwa kuazima ni mtihani kwao. Wafundishe kama muuza duka anavyofanya, anahesabu kwenda juu: mia tatu hamsini, naweka hamsini inakuwa mia nne, naweka mia inakuwa mia tano, basi chenji yako mia na hamsini. Watoto wanaotumwa dukani jioni wanashika hii haraka sana, wape wao ndo wawe wauzaji wa kwanza.

Mvua. Kwenye mikoa yenye vuli miezi hii inanyesha na darasa la bati halina dari, mvua ikishika hata ukipiga kelele mtoto wa dawati la pili hasikii. Usipigane nayo. Kuwa na kazi ya kimya tayari, nakili sentensi tatu za ubaoni na uchore picha yake, au kusoma wawili wawili kitabu kimoja midomo ikiwa masikioni. Na watoto wa mbali ambao hawana mwamvuli watachelewa siku hizo, wapokee tu waingie, ni wiki chache zimebaki.

Kadi za sikukuu watoto wanazipenda, na hazihitaji manila ya dukani, karatasi ya katikati ya daftari lililoisha inatosha. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, vijiko viwili vya unga kwenye kikombe cha maji, koroga jikoni kwako mpaka ushike, unakaa siku moja tu baada ya hapo unachacha. Ila darasa lina Wakristo na Waislamu, kwa hiyo ubaoni andika sentensi zaidi ya moja, Heri ya Krismasi, Likizo njema, Nakupenda mama, kila mtoto achague ya kwake na amchagulie mtu wa kumpa. Muhimu ni kwamba aandike mwenyewe hata kama herufi zinapanda mlima. Usimwandikie. Mzazi akipokea kadi yenye mwandiko wa mwanae ataiweka, na ukiwa umemwandikia wewe hajui mtoto amefika wapi.

Ijumaa ni usafi, kurudisha vitabu stoo, kuimba na ile hadithi ya watoto wa awali, sina mengi hapo kila shule ina utaratibu wake.

Kuna wanaoondoka mapema, na hili linaumiza. Nauli za mikoani na nafasi kwenye mabasi Desemba ni shida, mzazi anaona bora atangulize watoto na shangazi yao mwishoni mwa Novemba, na mara nyingi wanaoondoka ni wale wale uliotaka kuwavusha. Usisubiri mpaka umkose kwenye rejesta. Mapema Novemba ongea na wazazi, kwenye grupu la WhatsApp la darasa kama lipo au kwa karatasi ndogo mtoto aipeleke nyumbani, uliza nani anasafiri lini, na anayetangulia mfungie silabi zake kwenye bahasha aende nazo. Bibi hata kama hajui kusoma anaweza kukaa mjukuu ampangie maneno mbele yake.

Kuhusu kazi za likizo, maswali mia ya hesabu yaliyonakiliwa ubaoni hayamsaidii mtu, yanafanywa na kaka yake siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Mpe kazi zinazokaa na nyumbani: asome maandishi yote kwenye paketi ya unga na ya chumvi, aandike majina ya waliokuja siku ya sikukuu, aandike vitu vilivyonunuliwa na bei zake, amsomee mdogo wake ukurasa mmoja kila jioni. Na kwenye ripoti, badala ya "aongeze bidii" ambayo mzazi ameshaizoea toka darasa la kwanza, andika kitu anachoweza kukifanyia kazi, kwa mfano "anasoma silabi za kawaida vizuri, mb na nd bado, afanye mazoezi ya maneno kama mbuzi, ndizi, ndoo." Ni maneno kidogo tu zaidi, najua ripoti ni nyingi na mkono unachoka, lakini angalau kwa wale waliokwama fanya.

Mwisho kabla hujafunga kabati, ile karatasi ya majina uliyoanza nayo ipitie tena, mwite kila mtoto kwa dakika zile zile mbili na kidole katikati ya mstari, weka alama waliovuka na andika waliobaki wamekwama wapi sasa hivi. Nakala moja mpe mwalimu atakayewapokea darasa la tatu, mkononi, mkae mzungumze jina kwa jina kama ana nafasi. Nyingine bandika ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu Januari ratiba zinabadilika na anayekuja kufundisha anaweza asiwe yule uliyempa.